Jeli ipi kwa betri ya zinki? Ulinganisho kwa anayeanza kazi hii Nairobi

Wanafunzi wa kemia na mafundi wa vifaa vya umeme huuliza swali moja kwa njia nyingi: nikitaka kutengeneza seli ya zinki inayochajika, nitumie maji ya chumvi matupu au jeli? Na kama ni jeli, ipi? Makala ya utafiti hujibu kila moja kwa kusifu jeli yake. Mimi nalijibu nikiwa Nairobi, ambako akrilamaidi safi, kemikali ya kutengenezea jeli mojawapo, huagizwa na kusubiriwa, ilhali salfeti ya zinki iko kwa muuza mbolea. Hapa maji hayagandi hata Julai, lakini Januari na Februari hewa hukausha kila kilichoachwa wazi. Mambo hayo hubadilisha jibu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa hapa kwetu, jeli ipimwe kwanza kwa namna inavyoshika maji yake na inavyogusana na zinki na kathodi (upande chanya wa seli). Kunyumbuka na kustahimili baridi kali, sifa ambazo makala mengi huzitaja sana, kuje baadaye sana.

Kama unanunua leo

Ikiwa shida yako ni stima kukatika na unataka betri ya nyumbani mwezi huu, zinki ya jeli haiko dukani. Chukua lithiamu ya fosfeti ya chuma kutoka kwa muuzaji anayetoa dhamana. Seli moja hutoa volti 3.2, na nne zikiunganishwa zinafika 12.8. Kemia yake ni tulivu kuliko lithiamu nyingine, ingawa kimiminika kilichomo ndani bado ni cha aina inayoshika moto.

Zile betri nzito za sola zinazouzwa Luthuli Avenue kama betri za jeli ni za risasi. Ndani mna asidi ya salfuriki iliyogandishwa kwa unga laini wa silika, mbinu iliyotoka Ujerumani miaka ya 1950. Ni betri nzuri ukifuata volti za kuchaji zilizoandikwa. Ukizidisha, gesi hupasua jeli na nyufa hizo hazizibiki tena. Tatizo lake kubwa huja mwishoni, inapoyeyushwa. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipe zinki muda wangu: tunahitaji betri ya bei nafuu ambayo haitamdhuru mtoto wa anayeivunja.

Zinki ina mipaka yake. Seli ya zinki na dioksidi ya manganizi hutoa wastani wa volti 1.35 hivi, kwa hiyo unahitaji seli tisa kufika volti 12. Kwa bodaboda ya umeme, ambako kila kilo huhesabiwa, siipendekezi. Nafasi yake ni kwenye sanduku lisilohama: kioski, zahanati, taa za ngazi za ghorofa.

Maji matupu au jeli

Tuanze na usalama, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Video za betri za jeli huonyesha seli ikikatwa kwa mkasi, ikipigwa nyundo, ikichomwa moto, huku ikiendelea kutoa umeme. Mwaka 2018 kundi la Chunyi Zhi wa City University of Hong Kong lilifanya majaribio ya aina hiyo kwa jeli ya jelatini na poliakrilamaidi, na matokeo yake yalikuwa ya kuvutia kweli. Lakini kutolipuka kwa seli ile kulitokana zaidi na maji kuliko jeli. Seli ya zinki yenye maji ya chumvi matupu haishiki moto vilevile. Kwa hiyo ukishindanisha na lithiamu, aliyeshinda ni maji. Ukishindanisha na maji matupu, jeli lazima ijitetee kwa hoja nyingine, nazo ziko tatu.

Ya kwanza ni kuvuja, na haihitaji maelezo. Kifuniko kikilegea, maji hutoka na kula nyaya, jeli hubaki mahali pake.

Ya pili ni miiba. Unapochaji, ioni za zinki, yaani chembe zake zenye chaji, hurudi kwenye bamba na kuwa chuma tena, lakini hazijipangi sawasawa. Penye kinundu kidogo mkondo huwa mkubwa zaidi, zinki nyingi zaidi hutua hapo, kinundu hukua kuwa mwiba au kibapa kilichosimama, na mwishowe hutoboa kitenganishi, utando unaotenga pande mbili za seli, na kugusa upande wa pili. Jeli iliyokaza hubana ukuaji huo. Na ikiwa polima yenyewe, ile minyororo mirefu ya molekuli inayojenga jeli, ina vikundi vyenye chaji hasi vilivyofungwa kwenye mnyororo, ioni za zinki hutawanywa badala ya kukimbilia sehemu moja.

Ya tatu ndiyo ninayoitilia mkazo. Zinki iko volti 0.76 chini ya haidrojeni kwenye mizani ya elektrodi, kwa hiyo maji yanayoigusa yako tayari kuvunjika wakati wowote. Haidrojeni ikitoka, haidroksidi hubaki, nayo huungana na zinki na salfeti kuwa vibapa vyeupe vya salfeti ya zinki yenye haidroksidi. Ukifungua seli iliyokufa utaviona: utando mweupe uliokauka juu ya bamba, unaokwaruzika kwa ukucha. Kila kibapa ni zinki iliyopotea, na kila kiputo cha gesi ni maji yaliyopotea. Ndani ya maji matupu kila ioni ya zinki hutembea ikiwa imezungukwa na molekuli sita za maji na kuzileta zote kwenye bamba. Polima yenye vikundi vya haidroksili, amidi au kaboksili hushika sehemu ya maji hayo kwa vifungo vya haidrojeni, na pengine huingia yenyewe kwenye duara linaloizunguka ioni. Maji yaliyo huru kushambulia zinki hupungua.

Hupungua, hayaishi. Seli ya jeli iliyofungwa kabisa ndani ya kopo gumu itavimba. Mwenye kukuambia jeli imemaliza haidrojeni muulize aliifungua lini.

Sasa upande wa maji matupu. Salfeti ya zinki ya molari 2 (molari ni kipimo cha ukolezi) hupitisha umeme kwa kiasi cha milisiemensi 50 kwa sentimita. Jeli nyingi ziko kati ya 5 na 40. Inasikika kama hasara kubwa, lakini hesabu inatuliza. Jeli yenye unene wa nusu milimita na upitishaji wa milisiemensi 20 ina ukinzani wa omu 2.5 kwa kila sentimita ya mraba. Ukivuta miliampia 5 kwa sentimita ya mraba, unapoteza milivolti 12.5 tu. Kwenye seli ya volti 1.35 hiyo si kitu cha kukunyima usingizi.

Kinachoumiza zaidi ni mgusano. Maji huingia yenyewe kwenye vitundu vyote vya kathodi. Kipande cha jeli kilichokwisha kuganda huketi juu tu. Kathodi ikiwa nene, manganizi iliyo chini haipati ioni, nawe unapima nusu ya uwezo na kudhani unga wako ni mbaya. Dawa yake ni kumimina jeli ikiwa bado kimiminika ili igandie ndani ya kathodi. Hiki ni kigezo ninachokipa alama nyingi: je, jeli hii inamiminika?

Kwa hiyo, kama kazi yako ni kuchunguza kathodi mpya, tumia maji matupu na kitenganishi cha nyuzi za kioo, usijiongezee jambo jingine linalobadilika. Kama unataka seli itakayotoka mezani na kwenda kwa mtu, tumia jeli.

Wala jeli kwenye zinki si jambo geni. Seli ya Leclanché ya mwaka 1866 ilikuwa na maji, na miaka ya 1880 Carl Gassner wa Ujerumani aliigandisha kwa plasta ndipo dunia ikapata betri kavu. Betri za tochi na redio zilizotengenezwa Nakuru hadi kiwanda cha Eveready kilipofungwa mwaka 2014 ni za ukoo huohuo wa zinki na manganizi. Kinachotafutwa sasa ni kuifanya seli hiyo ichajike mamia ya mara. Wajapani Shoji na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba salfeti ya zinki yaweza kuchukua nafasi ya elektroliti (vimiminika vya kupitishia ioni) kali za awali, na mwaka 2016 ikaonyeshwa kwamba kuongeza salfeti kidogo ya manganizi kwenye elektroliti huizuia kathodi kuyeyuka ovyo. Nyongeza hiyo, molari 0.1, itie hata kwenye jeli.

Polivinili alkoholi dhidi ya poliakrilamaidi

Hizi mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi katika makala.

Polivinili alkoholi ni rafiki wa anayeanza. Haina sumu ya kuogopesha, ni unga mweupe, na huyeyuka kwenye maji ya nyuzi 90 hivi. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo sufuria ndani ya sufuria inatosha, ukiwa na subira ya kukoroga saa mbili. Gramu 10 kwa mililita 90 za maji ya betri, yale yasiyo na asidi, ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukishamimina kwenye kioo bapa, igandishe kwenye friza usiku kucha, iyeyuke mchana, urudie mara tatu. Minyororo ya polima hujikunja na kushikana yenyewe bila kemikali nyingine.

Mtego wake uko kwenye chumvi. Mimina salfeti ya zinki ya molari 2 ndani ya mchanganyiko huo uliopoa, uone: nyuzi nyeupe hutokea papo hapo, kisha bonge linalonata kwenye kijiti cha kukorogea, na maji safi yamebaki pembeni. Salfeti hunyang'anya polima maji yake. Hakuna kukoroga kutakakorudisha hali. Njia sahihi ni kinyume: gandisha kwanza polima na maji yasiyo na chumvi, kisha lowesha kipande kilichoganda ndani ya salfeti kwa siku nzima. Kitasinyaa, kitakuwa cheupe kidogo, na kitakuwa kigumu kuliko mwanzo, maana nguvu ileile iliyoharibu mchanganyiko sasa inakaza jeli. Pima unene baada ya kulowesha, la sivyo hesabu zako zote za upitishaji zitakuwa si kweli. Gharama ya njia hii ni kwamba jeli haimiminiki tena juu ya kathodi.

Poliakrilamaidi humiminika. Unachanganya akrilamaidi, kiunganishi cha minyororo na persalfeti ya amonia ya kuanzisha kuganda, pamoja na chumvi ya zinki, unamimina, unapasha kwa nyuzi 60, na jeli angavu inayovutika hutokea. Upitishaji wake ni mzuri. Ile ya Hong Kong niliyoitaja ilifika milisiemensi 17 hivi. Kwa ubora wa jeli tupu, inaipita polivinili alkoholi.

Hata hivyo siipendekezi nje ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa. Akrilamaidi kabla haijawa polima ni sumu ya neva, hupenya kwenye ngozi, na inahesabiwa miongoni mwa vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Oksijeni huzuia kuganda, kwa hiyo unahitaji naitrojeni ya kupuliza, na jeli isiyoganda vizuri ndiyo yenye mabaki mengi ya sumu. Ukiwa kwenye maabara ya chuo kikuu, Chiromo au Juja, chini ya mwalimu, fanya. Ukiwa kwenye karakana ya jua kali Kariobangi, acha. Haina maana kutengeneza betri salama kwa mikono isiyo salama.

Mwani: aljineti dhidi ya karagini

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo.

Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia. Uzuri wake kwa zinki ni kwamba ioni ya zinki yenyewe ndiyo huigandisha. Kila ioni yenye chaji mbili hushika minyororo miwili kwa vikundi vyake vya kaboksili. Dondosha tone la aljineti ya sodiamu kwenye bilauri ya salfeti ya zinki: kabla halijafika chini limekwisha vaa ngozi, na ukilitoa kwa kijiko ni kitufe kinachobonyea. Mapishi mengi kwenye mtandao, yaliyotoka kwenye vyakula, yatakuambia utumie kloridi ya kalsiamu. Usitumie. Kalsiamu ikikutana na salfeti huzaa jasi, chembe nyeupe ngumu zinazokaa ndani ya jeli na kuziba njia. Zinki inatosha.

Ugumu wa aljineti ni kasi hiyohiyo. Nje huganda kabla ya ndani, na ukimimina bila mpango unapata utando wa nje wenye uji katikati. Itandaze nyembamba, chini ya milimita moja, nyunyiza salfeti juu taratibu hadi uso ushike, kisha ndipo uzamishe. Baada ya siku moja ni sare ya kutosha.

Karagini hutoka kwenye mwani mwekundu, ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni na vijiji jirani huko Kwale, na Zanzibar pia. Kwa hiyo anayesema tutatengeneza aljineti kwa mwani wa Kwale amechanganya. Mwani ule hutoa karagini. Aina ya cottonii hutoa karagini ya kapa, spinosum hutoa ya ayota. Ya kapa hukaza sana ikipata potasiamu, lakini ni ya kukatika na hutoka jasho, yaani husukuma maji nje yenyewe kadiri siku zinavyopita. Ya ayota ni laini, hurudi ikibonyezwa, na haitoki jasho hivyo.

Ubora mkubwa wa karagini ni kwamba huyeyuka kwa moto na kuganda ikipoa. Unaweza kuimimina juu ya kathodi ikiwa moto, ikazama kwenye vitundu, kisha ikaganda humo humo. Alama kamili kwa mgusano. Lakini kinachoyeyuka mara moja chaweza kuyeyuka tena. Usifunge seli hizi chini ya paa la mabati bila kujaribu kwanza jeli yako, pamoja na chumvi yake, kwenye joto la nyuzi 50 kwa siku nzima. Kiwango cha kuyeyuka hubadilika sana kulingana na chumvi uliyoweka, kwa hiyo namba ya kwenye kitabu cha mapishi haikusaidii.

Kwa nini nisubirie mwani wakati polima za viwandani zipo? Kwa sababu mkulima wa mwani huuza mwani mkavu ukasafiri nje, na thamani huongezwa huko. Jeli ya betri haitamaliza tatizo hilo, kiasi kinachohitajika ni kidogo, lakini ni moja ya bidhaa ambazo taasisi kama KIRDI, ile ya utafiti wa viwanda, zinaweza kuzijaribu kwa vifaa vya kawaida. Nasema haya nikijua kwamba karagini ya chakula ina chumvi zake za ziada. Ioshe kwa alkoholi na maji kabla ya kuiamini.

Nyingine kwa haraka

Jelatini ni rahisi, iko kwenye maduka ya vifaa vya keki, humiminika vizuri. Lakini huyeyuka karibu na nyuzi 35. Kwa Nairobi hiyo ni joto la ndani ya kisanduku cha kawaida mchana. Itumie kujifunza, si kwa seli ya kukaa.

Kitosani, inayotokana na magamba ya kaa na kamba, ndiyo iliyoleta matokeo yaliyonishangaza zaidi: mwaka 2022 kundi la Liangbing Hu wa University of Maryland lilichapisha elektroliti ya kitosani na zinki iliyodumu mizunguko 1,000 ya kuchaji na kutumia kwa mkondo mkali, na ambayo huoza udongoni ndani ya miezi mitano hivi, zinki ikabaki ya kuchukuliwa tena. Ukiweza kupata kitosani safi, jaribu. Huyeyuka kwenye asidi hafifu ya siki, haiyeyuki kwenye maji yasiyo na asidi.

Unga wa ndani ya nepi, poliakrileti ya sodiamu, huwavutia wengi kwa sababu hunywa maji mengi ajabu. Kwenye salfeti ya zinki hunywea. Ioni za chaji mbili hukaza minyororo na maji hutemwa. Unafaa zaidi kwenye seli za alkali, ambako kuna hatari ya potashi kali inayochoma macho na kuharibiwa na kaboni dioksidi ya hewani. Nimeiacha.

Chumvi

Salfeti ya zinki karibu kila mara. Kwa lita moja ya molari 2 unahitaji gramu 575 za ile yenye maji saba ya fuwele. Ya mbolea ni rahisi mno lakini huja na chuma na uchafu mwingine, na uchafu huo huongeza haidrojeni kwenye bamba. Nunua ya maabara kwa vipimo unavyotaka kuvilinganisha na vya wengine. Ya mbolea iwe ya mazoezi ya kumimina.

Triflati ya zinki, chumvi nyingine ya zinki, hutoa matokeo mazuri zaidi na haigombani na polivinili alkoholi, ndiyo maana makala mengi huitumia. Bei yake haina uhusiano wowote na betri ya mwananchi, na ina florini ambayo mazingira hayaivunji kwa urahisi. Perklorati usiiguse: ikikauka pamoja na polima umetengeneza kitu kinachoweza kulipuka.

Na bamba? Tumia zinki halisi. Bati la paa lina utando mwembamba tu wa zinki juu ya chuma, nao ukitoboka chuma na zinki huanza kulana.

Baridi yao, ukavu wetu

Makala mengi hutumia nusu ya kurasa kuonyesha jeli inayofanya kazi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hilo huongeza glikoli au gliserini nyingi, na upitishaji hushuka. Nairobi usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na hapo maji ya chumvi hayana habari. Ukiiga mapishi ya Beijing au Stockholm neno kwa neno, unalipia ukinzani kwa ajili ya barafu ambayo hutaiona.

Adui wetu ni ukavu. Fanya jaribio hili kabla ya jingine lolote: kata vipande vya jeli vya ukubwa mmoja, vipime kwenye mizani, viache mezani dirisha likiwa wazi wiki ya Februari, uvipime kila asubuhi. Vile vya salfeti vitaanza kutoa fuwele nyeupe kwenye kingo maji yakipungua. Gliserini kidogo, sehemu moja kwa kumi, huchelewesha hilo, na hapo naikubali kwa sababu inafanya kazi tunayoihitaji. Kloridi ya zinki nyingi hunyonya unyevu wa hewani, lakini ni tindikali na hula viunganishi vya chuma.

Hata hivyo jeli peke yake haitashinda Februari. Kinachoshinda ni mfuko. Kwa majaribio napenda mifuko ya foili ya kufungashia kahawa ya kukaanga, ile yenye vali ndogo ya upande mmoja. Vali ile iliwekwa kuruhusu gesi ya kahawa itoke bila hewa kuingia, nayo huiruhusu haidrojeni vivyo hivyo, huku foili ikizuia mvuke. Sehemu ya kupitishia vipande vya kuunganishia ndiyo dhaifu. Izibe kwa gundi ya moto pande zote mbili kabla ya kupiga pasi.

Kusoma namba za wengine

Kabla hujachagua jeli kwa sababu mtu ameandika mizunguko elfu kadhaa, tafuta vitu viwili.

Unene wa zinki. Sentimita moja ya ujazo ya zinki hubeba miliampia-saa 5,855. Kwa hiyo miliampia-saa 1 kwa sentimita ya mraba ni zinki yenye unene wa maikromita 1.7 tu. Mtu akitumia bamba la maikromita 100 na kuzungusha kiasi hicho, anagusa chini ya asilimia 2 ya zinki yake. Iliyobaki ni akiba inayoficha kila hasara. Jeli yoyote itaonekana nzuri. Dai kuona jaribio lenye zinki nyembamba.

Ufanisi wa kurudisha chaji, yaani sehemu ya zinki inayorudi kila mzunguko. Asilimia 99.5 inasikika kama ushindi. Bila akiba, baada ya mizunguko 200 imebaki asilimia 37 ya zinki. Kwa asilimia 99.9 imebaki 82. Tofauti ya desimali moja ndiyo tofauti ya betri ya miezi na betri ya kudumu, kwa hiyo jeli inayokupandisha kutoka 99.5 hadi 99.9 ina thamani kuliko ile inayoongeza upitishaji mara mbili.

Ningechagua nini

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetaka mradi unaokamilika: polivinili alkoholi iliyogandishwa kwenye friza, ikaloweshwa salfeti ya zinki na ya manganizi. Inakubali makosa na vifaa vyote vinapatikana mjini.

Maabara yenye hewa ya kuvuta na bajeti, inayotaka kuchapisha: poliakrilamaidi iliyochanganywa na aljineti au kitosani, kwa salfeti, na zinki nyembamba.

Karakana au kampuni changa inayotaka sanduku la kioski: karagini ya ayota ikimiminwa moto juu ya kathodi, na utando mwembamba wa aljineti ya zinki upande wa bamba. Karagini inatoa mgusano, aljineti haiyeyuki kwa joto na inalinda zinki. Ni kazi ya hatua mbili, nami ningeanza na seli ndogo za sentimita chache kabla ya kufikiria tisa kwa mfululizo, kwa sababu seli tisa zinahitaji kulingana, na jeli za kumiminwa kwa mkono hutofautiana unene.

Mtu wa haraka asiye na mizani wala mita ya kupimia mizunguko: asubiri, anunue lithiamu.

Jambo moja la mwisho la kazi. Maji ya kuoshea jeli na salfeti iliyobaki visimwagwe kwenye sinki. Zinki iliyoyeyuka huua samaki, na mitaro yetu huishia Mto Nairobi. Kusanya kwenye ndoo, tia soda ya Magadi iliyoyeyushwa kidogo kidogo hadi usione tena wingu jeupe likitokea, acha itulie usiku kucha. Kaboneti ya zinki itakaa chini. Chuja kwa kitambaa, kausha, weka kwenye chupa yenye jina na tarehe. Ukiitia asidi ya salfuriki hafifu unapata salfeti yako tena, tayari kwa kundi lijalo la jeli za mazoezi.